Kwa Treni Hadi Kitwe: Nikifuata Nyayo za WITCH

Ijumaa usiku, ndani ya treni

Tumeondoka Dar alasiri. Chumba chetu cha daraja la pili kina vitanda sita na vyote vimejaa: wafanyabiashara wawili wa Tunduma waliopanga mizigo mpaka usawa wa dirisha, fundi wa matrekta anayeshukia Ifakara, mzee mmoja aliyelala kabla ya Mzenga na hajaamka bado, kijana wa chuo anayekwenda kwao Mbeya, na mimi. Kijana ndiye aliyeanza. "Braza, Zambia unafuata nini?" Nikamwambia nafuata bendi. Akauliza inapiga wapi wikiendi hii.

Bendi yenyewe ni WITCH ya Kitwe. Jina ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Tunakusudia Kuzusha Vurugu", na waliojiita hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa vijana wa miji ya migodi ya shaba: Emmanuel Chanda akiimba, Chris Mbewe gitaa la solo, John Muma gitaa la rithimu, Gedeon Mulenga besi, Paul Mumba kinanda, Boidi Sinkala ngoma. Chanda walimpachika jina la Jagari, kutokana na Mick Jagger wa Rolling Stones, na hadi leo huko Zambia ukisema Emmanuel watu watakuuliza Emmanuel yupi. Muziki wao na wa wenzao uliitwa Zamrock. Ni roki ya gitaa la umeme, lenye fazi inayokwaruza na wawa inayolia (vifaa vya kubadilisha sauti ya gitaa), mashairi mengi kwa Kiingereza, na chini yake mdundo ambao umetoka kwenye ngoma za nyumbani.

Mimi muziki huu niliukuta kwa baba mkubwa. Alifanya kazi mgodi wa Nkana huko huko Kitwe, kama Wanyakyusa wengi wa kizazi chake na cha kabla yake, akarudi Tukuyu na sanduku la santuri. Nyingi zilikuwa za Paul Ngozi. Sisi watoto tulikuwa tumelelewa na rumba na Msondo; gitaa la Ngozi lilitutoa nje ya nyumba. Ilichukua miaka kabla sijalipenda, na nilipolipenda sikuacha tena.

Kuna jambo ninalolibeba kutoka Dar na nataka kulipima huko mbele. Watu wanaoandika juu ya Zamrock, hasa Ulaya na Marekani, huisimulia kama muujiza: eti vijana wa Kiafrika walisikia redio ya mbali wakaokota magitaa. Mimi naamini muziki ule ulizaliwa na shaba. Mshahara wa mgodi ndio uliolipia magitaa, umeme wa mgodi ndio uliowasha vipaza sauti, kumbi za mgodi ndizo zilizojaza watu. Na reli hii ya TAZARA ninayolalia usiku huu ni ya shaba hiyo hiyo.

Kabla giza halijaingia tumepita pembezoni mwa hifadhi, watu wote wamekimbilia dirisha la kushoto kuangalia twiga. Mzee hakuamka.

Jumamosi asubuhi, baada ya Mlimba

Hapa ndipo reli inapopanda. Kati ya Mlimba na Makambako Wachina na wenzetu walitoboa milima, mahandaki kwa mahandaki, na madaraja marefu juu ya makorongo ambayo ukiangalia chini unarudisha kichwa ndani. Kazi ilianza 1970, njia nzima ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa 1976. Sababu ilikuwa siasa. Zambia haina bahari. Shaba yake ilikuwa inatoka kwa kupita Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya Ian Smith, na Januari 1973 mpaka huo ukafungwa. Reli ya Benguela kupitia Angola nayo ikakatika 1975 kwa vita. Kaunda na Nyerere walitaka mlango ambao hakuna mlowezi anayeweza kuufunga.

Sasa ebu fikiria mpiga gitaa wa Kitwe mwaka huo wa 1973. Gitaa lake limetoka ng'ambo, nyuzi zimetoka ng'ambo, taa za amplifaya zimetoka ng'ambo. Kila kitu kinapita kwenye njia zile zile ambazo shaba inapita, ila kwa upande wa pili. Njia ikibanwa, mwamba wa solo anapiga na nyuzi tano.

Kwenye behewa la chakula, tukinywa chai, kijana wa chuo amenitupia swali zuri: sisi Tanzania hatukuwa na roki? Tulikuwa nayo kidogo, na hadithi yake inafaa kusimuliwa humu ndani ya treni.

Kwetu serikali ilikuwa na jicho kali juu ya muziki wa vijana. Mwaka 1968 ilikuja Operesheni Vijana, wale wa TANU Youth League wakiwinda sketi fupi na suruali za kubana mitaani Dar. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Bendi kubwa zilimilikiwa na vyombo vya umma: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, JKT ya jeshi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo ni mali ya mwajiri. Ule mfumo ulitupa dansi tamu ambayo bado tunaicheza, siubezi hata chembe. Lakini roki haikupata pa kuegemea.

Hata hivyo palikuwa na Sunburst. Bendi ya Dar, wapigaji mchanganyiko wa Watanzania na wageni kutoka nchi kadhaa, mwimbaji wao James Mpungo, na mtindo wao wakauita Kitoto. Walichanganya roki, fanki na midundo ya pwani, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Na santuri yao kubwa, Ave Africa ya 1976, waliirekodi wapi? Zambia. Yaani bendi ya Dar ilielekea huku huku ninakoelekea. Ikasahaulika kwetu kabisa, mpaka lebo ya London iitwayo Strut ilipoitoa upya miaka 40 baadaye. Kijana wa chuo hakuwahi kuisikia. Nimempa spika moja ya masikioni, mimi nikabaki na nyingine, tukaisikiliza tukiingia na kutoka gizani mwa mahandaki mpaka Makambako.

Jumamosi usiku, mpakani

Kijana ameshuka Mbeya. Tunduma maofisa wa uhamiaji wamepanda ndani, wa Tanzania kwanza, kisha wa Zambia upande wa Nakonde. Wabadilisha fedha nao wamepanda, na noti zimefungwa kwa mpira. Kiswahili kinaendelea kusikika vizuri tu baada ya mpaka. Nimenunua ndizi, nimekula, nalala.

Jumapili, Mpika hadi Kitwe

Nimeamka tumeshapita Kasama. Huku ni nchi ya Wabemba, miti ya miombo pande zote, vijiji mbalimbali sana, mkaa umepangwa kwenye magunia kando ya reli. Akina mama wanauza viwavi waliokaushwa kwenye vikombe vya plastiki. Nimevila. Vina utamu wa chumvi na moshi, na ukizoea unatafuta kikombe cha pili.

Kapiri Mposhi ndiyo mwisho wa TAZARA. Hapo unashika basi dogo kwenda Ndola na kuendelea Kitwe. Kondakta alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, nikamuuliza kama anawajua WITCH. Akafikiri namuuliza mambo ya wachawi. Nikamtajia Paul Ngozi. Uso ukafunguka, akaimba ubeti mzima kwa Kinyanja, na abiria wawili wa nyuma wakamwitikia.

Hilo wazungu wanaokusanya santuri huwa hawalisemi. Kwao WITCH ndio wafalme. Barabarani Zambia mfalme ni Ngozi. Jina lake la kuzaliwa ni Paul Dobson Nyirongo, alifariki 1989, na kabla ya hapo alikuwa amebadilisha roki ikaanza kuongea lugha za nyumbani: ndoa, umaskini, ulevi, jirani mbaya. Ngozi Family walipiga gitaa zito kama WITCH, lakini mama wa sokoni alikuwa anaelewa kila neno. WITCH waliimba kwa Kiingereza, lugha ya shule, na shule za sekondari wakati ule zilikuwa za wachache. Nadhani hapo ndipo njia za bendi hizi mbili zilipoachana katika kumbukumbu za watu.

Kaka yangu, yule mtoto wa baba mkubwa ambaye yeye alibaki Kitwe, amenipokea stendi. Hatukuonana tangu msiba wa baba yake. "Mdogo wangu, umezeeka," ndiyo salamu. Nshima (ugali wa huku) na kapenta (dagaa), maji ya moto, kulala.

Jumatatu, Wusakile

Siku ya leo nitaiandika yote.

Wusakile ni mtaa wa wachimbaji wa Nkana, nyumba ndogo zilizojengwa na kampuni kwa mistari, moja kama nyingine, kila moja na mwembe wake. Ukiangalia mwisho wa barabara unaona mashine za mgodi. Kaka alinipeleka kwa mzee mmoja aliyestaafu chini ya ardhi, jirani wa zamani wa baba mkubwa. Mzee alikuwa amekaa nje juu ya kigoda. "Mwaiseni mukwai," akatukaribisha, halafu alipojua natoka Tanzania akageukia Kiswahili alichojifunza kwa majirani zake Wanyakyusa na Wakongo, Kiswahili cha kunyoosha, kisicho na ngeli nyingi, na tukaelewana tangu neno la kwanza.

Nilimuuliza juu ya kumbi. Akaanza mbali kuliko nilivyotarajia, akaanzia kwa baba yake.

Baba yake alicheza mbeni. Nilikaa sawa. Beni ni ngoma yetu ya pwani, ya Lamu na Mombasa, ya watu kuvaa sare na kuiga bendi za kijeshi za wakoloni, na vyeo vya uongo vya mfalme na jenerali. Vita Kuu ya Kwanza iliisambaza bara pamoja na askari na wapagazi, na miaka ya 1920 na 1930 ikafika kwenye migodi hii. Wachimbaji waliipokea wakaifanya chama. Mgomo wa wachimbaji wa 1935, ule ambao watu sita waliuawa kwa risasi Luanshya, tume ya serikali iliiangalia sana mbeni kwa kuwa wacheza ngoma ndio waliokuwa na mtandao wa kupeleka habari mgodi hadi mgodi.

Kwa hiyo Kitwe ilishawahi kuchukua muziki wa wakubwa wa dunia, ikauvaa, ikaugeuza wa kwake, na ikawatia hofu wenye mamlaka. Jagari na wenzake walipokuja na suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, walikuwa wanatembea kwenye njia ambayo babu zao waliishaikanyaga. Sijaona mtu akiisimulia Zamrock kuanzia hapo, na nadhani ndipo inapopaswa kuanzia.

Mzee akaendelea. Kampuni ilikuwa na idara ya ustawi: mpira, ndondi, sinema za kauboi uwanjani, na ukumbi. Vyombo vya bendi mara nyingi vilikuwa vya mwenye ukumbi au mwenye baa. Nchi ilipata uhuru Oktoba 24, 1964, na mwanzoni mwa miaka ya sabini serikali ikawa na asilimia 51 ya migodi. Mishahara ya Waafrika ilipanda. Shaba peke yake ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya nje ya Zambia, na bei ilikuwa nzuri. Siku ya mshahara, anasema mzee, ukumbi ulikuwa umejaa kabla jua halijazama, na bendi ilipiga mpaka usiku wa manane: kwanza nyimbo za kuiga za Waingereza na Wamarekani, kisha polepole zao wenyewe.

Hapo na siasa ikaingia kwa upande wa msaada. Kaunda, ambaye mwenyewe alipiga gitaa na kuimba kwenye mikutano, alitaka redio ya taifa ipige muziki wa Kizambia, na kiwango kinachotajwa daima ni asilimia 95. Redio ilihitaji nyimbo, nyimbo zilihitaji bendi. Serikali yetu ilitaka muziki wa taifa ikatuma watu kukagua suruali. Ya Zambia ilitaka muziki wa taifa ikapata fazi na wawa. Nafikiri Kaunda hakutarajia jibu hilo, lakini hakulizima.

Kisha mzee akaingia ndani akatoka na santuri ndogo, singo, kwenye mfuko alioushona kwa karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji. Lebo ya katikati imefifia, jina la bendi bado linasomeka. Mifereji imeparara, meupe meupe pale sindano ilipopita mara nyingi. Hana kichezeo tangu zamani. Aliihifadhi tu.

Tukaenda naye soko la Chisokone, kwa fundi redio ambaye kaka anamfahamu. Kibanda chake hakizidi hatua tatu: waya zimening'inia, rediokaseti zimefunguliwa matumbo, na kwenye kona kichezeo cha santuri alichokiunganisha na spika ya gari. Jirani yake anauza vitenge, mama wa Kikongo. "Weye ni wa Tanzania? Karibu ndugu yangu, sisi ni wa Lubumbashi." Naye akasogea kuangalia. Fundi akafuta santuri kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kufuata mzunguko. Akaweka sarafu ya ngwee 50 juu ya mkono wa sindano ili usiruke. Ikaruka. Akaongeza ya pili.

Kwanza ni mchakacho, mwingi, kisha gitaa likapenya. Spika ya gari haikuweza kulibeba lote, kwa hiyo lilisikika kama limefungiwa ndani ya debe, lakini besi la Mulenga lilikuja wazi kabisa, likitembea peke yake chini ya kelele, halifuati gitaa wala haliiachi ngoma. Nimeusikiliza muziki huu kwenye simu kwa miaka na sikuwahi kulisikia besi hivyo. Sinkala anapiga nyuma kidogo ya mapigo, anachelewesha, na huko kuchelewesha ndiko kunakomfanya mtu atake kucheza badala ya kutikisa kichwa tu. Mama wa vitenge alishaanza. Mzee hakucheza. Alikuwa anasema majina ya watu, mmoja baada ya mwingine, wachezaji wenzake wa ukumbini, na kaka alinieleza baadaye kwamba wengi ni marehemu.

Dakika tatu, ikaisha, fundi akageuza upande wa pili bila kuambiwa.

Nimeirekodi kwa simu, na ile michakacho yake yote.

Jumanne, Kitwe

Mchana kutwa nimetembea. Kilima cheusi cha mabaki ya mgodi kinaonekana kutoka sehemu nyingi za mji, takataka za shaba za miaka mingi. Vijana wanakipanda kutafuta kilichobaki ndani.

Bei ya shaba ilifika juu sana mwanzoni mwa 1974, kisha ikaanguka, hata chini ya nusu, ndani ya muda mfupi. Mafuta nayo yalikuwa yamepanda. Na hapa kuna jambo ambalo limenisumbua siku nzima: santuri nzuri kuliko zote za Zamrock zimetoka wakati nchi inaanguka, si wakati wa neema. Lazy Bones!! ya WITCH ni 1975. Santuri pekee ya bendi ya Amanaz, Africa, ni 1975 pia. Keith Mlevhu alitoa Love and Freedom 1976. Ngozi Family walitoa 45,000 Volts 1977. Santuri za kwanza za WITCH, Introduction na In the Past, zina furaha ya vijana wenye hela mfukoni. Wanapiga kwa haraka, wanacheka. Lazy Bones!! ni nzito, gitaa limekuwa na kiza, nyimbo zinasitasita. Hoja yangu ya Ijumaa, kwamba muziki ule ulizaliwa na shaba, bado naishikilia, ila imepata mkia: shaba iliwapa vyombo, na kuanguka kwa shaba kukawapa la kusema.

Halafu vita. Zambia iliwapa hifadhi wapigania uhuru wa kusini, na Rhodesia ikailipiza. Oktoba 1978 ndege zake zilipiga kambi za ZAPU, chama cha wapigania uhuru wa Zimbabwe, karibu na Lusaka. Taa zilizimwa usiku, watu wakakatazwa kutoka. Bendi inayoishi kwa dansi la usiku itaishi vipi? Walipiga mchana. Mzee wa Wusakile alikuwa ameniambia jana: unatoka ukumbini jua linakuchoma macho, hujui kama umecheza au umeota.

Baada ya hapo mambo ni mafupi. Jagari akaacha bendi mwishoni mwa miaka ya sabini akageukia ualimu. WITCH wakaendelea na sura mpya, Patrick Mwondela kwenye kinanda, wakaingia disko: Movin' On ya 1980, Kuomboka ya 1984. Kaseti za kunakili zikaua soko la santuri. Kisha likaja gonjwa la UKIMWI, ambalo kwenye miji hii ya migodi na barabara kuu lilikata kizazi kile kile kilichojaza kumbi, na wanamuziki wengi walikuwemo. Katika wale sita wa WITCH niliowataja Ijumaa, aliyebaki hai ni Jagari.

Jumatano, Lusaka

Basi la alfajiri kutoka Kitwe, Kabwe tumepita bila kusimama sana, na saa za mchana niko Cairo Road.

Nimepita nje ya chuo cha Evelyn Hone, ambako Jagari alisomea muziki. Baadaye maisha yakampeleka kwenye uchimbaji wa vito. Mtoto wa Kitwe, aliyeponea kuimba badala ya kwenda chini ya ardhi, ameishia kuchimba. Yeye mwenyewe hulieleza hilo bila uchungu kwenye mahojiano, na ni mtu wa dini. Kilichomrudisha jukwaani ni santuri zile zile za zamani: lebo ya Marekani, Now-Again, ilikusanya kazi zote za WITCH ikazitoa upya mwanzoni mwa miaka ya 2010, Jagari akaalikwa Ulaya na Marekani, akawakuta watoto wa watoto wa rika lake wanaimba naye maneno yote. Ilitengenezwa filamu juu yake, ikatoka 2019. Na 2023 WITCH walitoa santuri mpya, Zango, Jagari na Mwondela pamoja na wapigaji vijana wa Ulaya, iliyorekodiwa hapa hapa Lusaka kwenye studio ya dB.

Nimeisikiliza Zango tena jioni hii nikijua mitaa iliyotokea. Nasema ninavyoona: si Lazy Bones!!, na haiwezi kuwa. Besi ni zuri lakini si la Mulenga. Ila sauti ya Jagari, mzee wa miaka sabini na zaidi, imepata uzito ambao hakuwa nao akiwa kijana, na pale wanapoimba kwa lugha za nyumbani naona WITCH wamefika mahali ambapo Paul Ngozi alikuwa amewatangulia.

Kinachonikera, na nitakisema wazi, ni santuri za awali zilikoishia. Wanamuziki waliziuza kwa mikono yao kwenye maonyesho, na zilizopona zimenunuliwa kimya kimya na wakusanyaji wa nje. Hapa Lusaka nimezunguka mchana kutwa kuuliza santuri ya zamani ya Zamrock, hata iliyovunjika, sijaiona hata moja. Ya mzee wa Wusakile ndiyo pekee niliyoishika kwa mkono wangu Zambia nzima. Kaka nimemwomba asimruhusu mtu ainunue kwa bei ya nyanya.

Nilikuwa nimepanga kurudi Dar kwa reli. Nimebadilisha. WITCH na wenzao, wakati Zambia ilikuwa bado haina mitambo ya kufyatua santuri, kazi zao zilipelekwa Nairobi. Rikki Ililonga na bendi yake ya Musi-O-Tunya walihamia huko kabisa kwa kipindi, wakaishi na kupiga huko, na Wings of Africa yao ya 1975 ni kazi ya Nairobi. Kwa hiyo nusu ya hadithi hii iko kwetu Afrika Mashariki, kwenye makabati ya maduka ya santuri na vichwani mwa mafundi mitambo waliokuwa vijana wakati ule. Kesho nashika basi la Nakonde, kutoka Tunduma hadi Mbeya, kutoka Mbeya hadi Arusha na Namanga. Nairobi nitaanzia River Road.